Deni la nani? Kisa cha kadi za mtihani katika chuo kimoja cha Nairobi

Msichana wa mwaka wa pili, bendi ya kwanza, alifungua tovuti ya chuo kwenye simu yake akakuta maandishi mekundu: baki ni shilingi 114,000, kadi ya mtihani haiwezi kutolewa. Mapema muhula huo alikuwa amelipa 6,000 kwa M-Pesa, na hizo ndizo alizotakiwa kulipa. Kozi yake inagharimu 240,000 kwa mwaka. Kwa mfumo wa ufadhili uliozinduliwa 2023, mwanafunzi wa bendi ya kwanza, yaani kundi la familia zenye uhitaji mkubwa zaidi, hupewa ufadhili wa asilimia 70, mkopo wa asilimia 25, na familia yake hutoa asilimia 5. Ukigawa kwa mihula miwili, ufadhili ni 84,000, mkopo 30,000, familia 6,000. Familia ilikuwa imetoa. Ufadhili wa serikali na mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya wanafunzi, wa muhula ule havikuwa vimefika. Kompyuta haikujua tofauti hiyo, ikamwandika mdaiwa.

Kisa ninachokichambua kilianzia kwenye nambari hiyo. Chuo ni cha umma, kiko Nairobi, na sitakitaja. Wahusika nimewaacha bila majina, na mambo mawili matatu ambayo yangewatambulisha nimeyabadilisha. Wakati huo nilikuwa mshauri nasaha katika ofisi ya masuala ya wanafunzi, kwa hiyo mengi niliyaona mwenyewe na mengine niliyasikia katika kikao cha tathmini baada ya mitihani. Wanaokisimulia chuoni hukiita kisa cha fujo zilizoepukwa. Kwangu mimi, orodha moja ya majina ndiyo iliyokizaa, na ndiyo iliyokimaliza.

Kanuni ya Seneti ya chuo ilikuwa fupi: baki isipokuwa sifuri, kadi haichapishwi. Ilitungwa zama ambazo mwanafunzi wa serikali alilipa karo ya shilingi 16,000 kwa mwaka, na sehemu kubwa iliyobaki ikaletwa na Hazina moja kwa moja chuoni bila kupitia akaunti yake. Enzi hizo ukidaiwa, unadaiwa wewe. Mfumo mpya ulipokuja, gharama nzima ya kozi iliandikwa kwenye jina la mwanafunzi, kisha michango mitatu ikawa inaipunguza kila mmoja unapofika. Kanuni ikabaki ileile. Hakuna aliyekaa chini kujiuliza itasomekaje pale mchango mmoja umefika na miwili bado iko njiani.

Ndiyo maana Alhamisi ile, mitihani ikiwa imebakiza wiki moja na siku chache, orodha iliyotoka idara ya fedha ilichanganya watu wa aina nne katika safu moja. Kulikuwa na waliokwisha kulipa sehemu ya familia, kama yule msichana. Kulikuwa na ambao hawakuwa wamelipa hata hiyo. Wengine walikuwa wamekata rufaa wahamishwe bendi: mzazi amefutwa kazi tangu mwaka jana lakini mtoto bado yuko bendi ya nne, ambako familia hutakiwa kutoa asilimia 30, yaani 72,000 kwa mwaka kwa kozi ileile. Na walikuwepo wachache ambao hawakuwahi kuomba ufadhili kabisa, kwa sababu nitakazozieleza mbele. Wote waliitwa wadaiwa.

Mama

Mkuu wa Wanafunzi alikuwa mwanamke wa makamo aliyefundisha shule ya upili kabla ya kuingia chuoni. Wanafunzi walimwita Mama, na hakukuwa na kejeli ndani yake. Droo ya chini ya meza yake ilikuwa na sodo, unga wa uji na tikiti za mesi. Niliwahi kumwona akituma pesa kwa simu kwa mwenye nyumba wa Ngara aliyekuwa ameweka kufuli kwenye mlango wa mwanafunzi, kisha akaendelea na kikao kana kwamba alikuwa amejibu salamu. Falsafa yake ya uongozi aliieleza kwa sentensi moja kila mwanzo wa mwaka, mbele ya wanafunzi wapya: mzazi wenu amewakabidhi kwangu.

Ni falsafa ya kale. Vyuo vya Uingereza na Marekani vilijiweka mahali pa mzazi kwa vizazi vingi. Marekani ilianza kulegeza kamba hiyo mwaka 1961, pale mahakama ya rufaa ilipoamua, katika kesi ya wanafunzi weusi waliofukuzwa chuo cha umma huko Alabama baada ya kushiriki maandamano ya kupinga ubaguzi, kwamba chuo cha umma hakiwezi kumfukuza mwanafunzi bila kumweleza kosa lake na kumsikiliza. Kwetu jambo hilo limekwenda mbali zaidi. Kifungu cha 47 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kutendewa kwa haki na wasimamizi wa umma, na kupewa sababu kwa maandishi pale uamuzi wao unapomuumiza. Mzazi hadaiwi sababu kwa maandishi. Ofisi ya umma inadaiwa.

Sisemi ulezi umepitwa na wakati. Mtu anayeudharau hajawahi kukaa kwenye ofisi ile saa kumi jioni, benchi la korido limejaa: huyu amefiwa na hana nauli ya Homa Bay, huyu amepigwa na mpenzi wake na hataki kwenda polisi, huyu karo yote ya muhula imemezwa na mchezo wa kamari wa ndege kwenye simu na bado hajapata ujasiri wa kumwambia baba. Hao wanahitaji mtu mzima mwenye huruma na mlango wazi. Watu wa huduma za wanafunzi hupenda sana kuhudhuria warsha za uongozi, aghalabu kwenye hoteli ya Naivasha, na hurudi na bango la maadili la kubandika ukutani. Mama alirudi nalo pia. Lakini kilichowaleta wanafunzi mlangoni pake ilikuwa ile droo.

Matatizo yalianza pale ulezi ulipotumika kutawala watu maelfu kwa karatasi moja. Ijumaa alitoa ilani. Aliwakumbusha wanafunzi wote kwamba hakuna atakayeingia chumba cha mtihani akiwa na baki, kisha akaongeza, kwa nia njema kabisa, kwamba wazazi wao wanajinyima kuwasomesha na pesa wanazopewa zitumike kwa kazi iliyokusudiwa. Kwa mama anayemwonya mwanawe, maneno hayo ni ya kawaida. Kwa msichana ambaye mamake alikopa 6,000 kwenye chama cha akiba na akazilipa mapema, ni tusi. Kufikia saa mbili usiku picha ya ilani ilikuwa kwenye kila kundi la WhatsApp la kila darasa, imezungushiwa duara jekundu kwenye sentensi hiyo ya pili. Jumamosi ikawa mada ya mjadala wa sauti kwenye X, watu mia kadhaa wakisikiliza hadi usiku wa manane, wengi wao wakiwa kwenye vyumba vya kupanga Ngara, Kenyatta Market na Kahawa Wendani.

Hilo la vyumba vya kupanga halizungumzwi inavyostahili. Ofisi za wanafunzi zilijengwa kwa dhana kwamba mwanafunzi analala bwenini, chini ya msimamizi anayemjua kwa sura. Siku hizi mabweni ya vyuo vya umma hayatoshi hata kidogo. Wengi hukaa nje, au hulala kitanda kimoja wawili wawili kwenye chumba kilichosajiliwa kwa jina la mtu mwingine. Ukitaka kujua hasira imefika wapi Jumamosi usiku, hakuna mlango wa kubisha.

Mwenyekiti asiye na watu

Mama alifanya alichozoea: akampigia simu mwenyekiti wa baraza la wanafunzi, wakakutana Jumapili, wakakubaliana kwamba mwenyekiti atawatuliza wenzake na yeye ataomba siku tano zaidi za kulipa. Huko nyuma makubaliano ya aina hiyo yaliwahi kuzima mgomo. Safari hii yalimharibia mwenyekiti jina.

Lazima nirudi nyuma kidogo. Uongozi wa wanafunzi Nairobi una historia iliyogharimu watu uhuru na maisha. Titus Adungosi, mwenyekiti wa kwanza wa SONU, chama cha wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, alifungwa miaka kumi baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982, akafia gerezani mwaka 1988. Wafula Buke, aliyechaguliwa mwenyekiti mwaka 1987, naye alifungwa. Viongozi hao hawakuwa malaika wala hawakukubaliana na kila mwanafunzi, lakini kila mtu alijua wamechaguliwa na nani. Baadaye, katika zama za vyama vingi, siasa za kitaifa ziliingia kwenye kura za vyuo na pesa nyingi, na uchaguzi wa SONU wa 2016 uliishia kwa fujo na chuo kufungwa.

Bunge likajibu kwa kurekebisha Sheria ya Vyuo Vikuu mwaka huo huo. Tangu hapo wanafunzi huchagua wajumbe kupitia idara na vitivo vyao, na wajumbe hao ndio wanaochagua baraza. Kiongozi hukaa mwaka mmoja, na hawezi kupita vipindi viwili. Wasimamizi wa vyuo waliipenda sheria hiyo, na si bila sababu: kampeni za magari ya kukodi na mapambano ya mabwenini yalipungua. Ila bei yake ilionekana polepole. Mwenyekiti wa siku hizi anaweza kushika ofisi bila mwanafunzi wa kawaida kumpigia kura wala kulijua jina lake. Anajua kuongea na wajumbe, na anajua kuongea na wakubwa. Kuongea na umati hajui.

Kisha ikaja Juni 2024. Vijana waliojaa barabara za Nairobi kupinga Mswada wa Fedha walitangaza kwamba hawana kiongozi, hawana kabila, hawana chama. Wengi wao walikuwa wanafunzi. Mtu aliyeshiriki jambo hilo, akaona Rais akikataa kuutia saini mswada, harudi chuoni akakubali kwamba mwenyekiti mmoja akanywe chai ofisini kwa niaba yake. Kwa ofisi ya wanafunzi haya ni mabadiliko makubwa kuliko sera yoyote iliyoandikwa tangu hapo, na sijaona chuo kilichoyachukua kwa uzito. Bado tunaandaa viti viwili na kumtafuta msemaji.

Jumatatu

Kamukunji, kama tunavyoita mikutano ya wanafunzi kwa jina la uwanja ule wa historia ng'ambo ya mto, iliitishwa saa nne asubuhi mbele ya jengo la utawala. Mwenyekiti alipanda ngazi za jengo na kipaza sauti. Alianza vizuri, akapaza sauti ya "Komredi!" na wakaitikia. Alipofika kwenye siku tano za nyongeza, kijana mmoja aliyekaa juu ya ukuta akauliza kwa sauti kubwa amechaguliwa na nani. Kicheko kilipita umatini, kisha miluzi, kisha hakusikika tena.

Mama akachukua kipaza sauti. "Wanangu," akasema.

"Mama, sisi hatujakosana na wewe," akajibu msichana mmoja wa mbele, kwa adabu kabisa. "Lakini sisi si watoto. Tuna vitambulisho. Tuambie hiyo laki na ushee ni deni la nani."

Hakuwa na jibu, kwa sababu hakuwa na takwimu. Alikuwa na orodha ya majina na jumla, basi. Nilikuwa nimesimama hatua chache nyuma yake, na nadhani hapo ndipo falsafa nzima ya ofisi ilipopimwa. Umati haukuwa umeuliza swali la nidhamu wala la huruma. Uliuliza swali la hesabu, na mtu aliyetumwa kuongea nao alikuwa hajawahi kuketi na idara ya fedha kuipitia orodha hiyo mstari kwa mstari.

Kundi dogo likaelekea langoni. Mawe yakarushwa, vioo viwili vya kibanda cha walinzi vikavunjika, na mchuuzi wa smokie na mayai aliyekuwa nje ya lango akapinduliwa mkokoteni. Mkuu wa usalama alikuwa tayari ameshika simu, namba ya OCS, mkuu wa kituo cha polisi, iko kwenye kioo. Mama akamwambia arudishe simu mfukoni.

Wapo waliomlaumu kwa hilo, na hoja yao si ya kupuuzwa: kama gari lingechomwa, yeye ndiye angejibu. Lakini nakumbuka Septemba 2017, polisi walipoingia hadi madarasani na mabwenini katika Chuo Kikuu cha Nairobi wakiwapiga wanafunzi kwa rungu, wakiwemo waliokuwa kwenye masomo yao, na siku chache baadaye chuo kikafungwa. Polisi wakishaingia, mazungumzo huhama. Hakuna tena anayeuliza kuhusu karo. Mada inakuwa majeruhi, na wanafunzi ambao walikuwa bwenini wakisoma wanajiunga. Kifungu cha 37 cha Katiba kinalinda kukusanyika kwa amani bila silaha, na sehemu kubwa ya waliokuwa pale walikuwa ndani ya kifungu hicho. Waliorusha mawe hawakuwa. Kuwatenganisha hao wawili ni kazi ya ofisi ya wanafunzi, na gesi ya machozi haiwezi kuifanya. Alituma walinzi wanaojulikana na wanafunzi, wale wazee wa langoni, wakasimama bila rungu kati ya kundi na barabara. Kufikia saa saba mvua ilisaidia pia, tusijisifu kupita kiasi.

Kikao cha usiku

Menejimenti iliketi saa kumi na mbili jioni. Mapendekezo yalikuwa mawili yaliyozoeleka: kufunga chuo kwa muda usiojulikana, au kulegeza kanuni kwa wote. Afisa mkuu wa fedha alipinga la pili kwa nguvu, na inafaa asikilizwe. Chuo kinadaiwa na wauzaji wa vyakula, na kampuni ya maji, na wahadhiri wake wenyewe. Mgomo wa wahadhiri wa vyuo vya umma wa 2025 ulidumu siku 49, na chanzo chake kilikuwa shilingi bilioni 7.9 za makubaliano ya mishahara ya 2017 hadi 2021 ambazo hazikuwa zimelipwa. Mtu wa fedha anayeishi ndani ya hesabu hizo huiona kadi ya mtihani kama meno pekee aliyobaki nayo. Ukiing'oa, hata mwenye uwezo hatalipa.

Kilichobadilisha kikao ni swali la Mama. Mchana ule, baada ya umati kutawanyika, yule msichana wa 114,000 alikuwa amekuja kukaa kwenye benchi la korido na kumwonyesha ujumbe wa M-Pesa wa 6,000. Sasa Mama akaitaja nambari hiyo mbele ya wote na kuuliza: huyu, yeye mwenyewe, amebakiza shilingi ngapi?

Wakubwa wakatazamana. Karani kijana wa idara ya fedha, aliyeletwa kuendesha projekta, akaomba ruhusa ya kusema. Akaeleza kwamba kila malipo yanaingia kwenye mfumo na chanzo chake: yaliyolipwa na familia yana alama yake, ya HELB yana yake, ya ufadhili yana yake. Orodha inaweza kuchujwa. Hakuna aliyewahi kumwomba aichuje. Akafungua jedwali mbele yetu, akaongeza safu moja, akaandika fomula, na ile orodha moja ndefu ikaanza kugawanyika ukutani. Saa tano usiku tulikuwa na orodha nne.

Ukiniuliza uongozi ulikuwa wapi katika wiki hiyo yote, nitakuonyesha dakika hizo. Ulezi wa Mama ndio uliomleta msichana kwenye benchi. Hakuna msichana ambaye angeenda kumwonyesha afisa wa fedha simu yake. Kwa njia hiyo ofisi ilijua jambo moja la kweli kuhusu mtu mmoja, jambo ambalo hakuna ofisi nyingine chuoni ililijua. Ijumaa, maarifa ya aina hiyo yaliishia kuwa mawaidha. Jumatatu usiku yalibebwa hadi kwenye meza ya wakubwa yakiwa swali, na mtu wa cheo cha chini kuliko wote chumbani akaweza kulijibu. Sehemu kubwa ya falsafa za uongozi zinazofundishwa kwenye zile hoteli za Naivasha huzungumzia namna ya kushuka kwa wanafunzi. Ni chache sana zinazozungumzia kupanda: kuchukua kilichosikika kwenye korido na kukisukuma mbele ya Naibu Chansela na mtu wa fedha, hata pale ambapo hawataki kukisikia.

Orodha nne

Jumanne saa moja asubuhi waliitwa wawakilishi wa madarasa. Baraza la wanafunzi lilialikwa pia, na mwenyekiti, kwa sifa yake, alikuja na kukaa nyuma. Mwakilishi wa darasa hana cheo chochote kwenye sheria. Anabeba karatasi ya mahudhurio, anampigia mhadhiri asiyetokea, na anamiliki kundi la WhatsApp. Lakini akisema jambo, watu sitini wanaamini, kwa sababu wakimwona anadanganya watakutana naye kesho saa mbili. Kila mmoja alipewa orodha ya darasa lake ikiwa imegawanywa, na akatakiwa amwonyeshe kila mtu mstari wake peke yake, si wa wenzake. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 ilitajwa na afisa wa sheria, na mara hii kutajwa kwake kulikuwa na maana: bendi ya mtu inafichua mapato ya nyumba yao.

Orodha ya kwanza, waliolipa sehemu yao, walipewa kadi ya muda iliyogongwa mhuri kwa mkono. Hiyo ilimaliza sehemu kubwa ya hasira kwa siku moja. Orodha ya pili walisaini ratiba ya kulipa. Orodha ya tatu walihitaji tu nakala ya rufaa yao.

Orodha ya nne ndiyo iliyonikalisha wiki nzima. Hawa hawakuwa na ufadhili wala mkopo kwa sababu hawakuomba, na nje ya ofisi hiyo unaweza kudhani ni uzembe. Ombi la ufadhili hudai taarifa za wazazi. Kijana mmoja baba yake aliondoka nyumbani akiwa darasa la nne, na alipompata kwa simu baba alikataa kutuma nakala ya kitambulisho, akidhani ni mtego wa kudaiwa matunzo. Mwingine alilelewa na shangazi bila karatasi yoyote ya kisheria. Kesi hizi huchukua barua ya chifu, barua ya dini, kiapo mbele ya wakili, na miezi. Hakuna kilio cha kamukunji kinachozisikia, kwa sababu ni za watu wachache na zina aibu ndani yake. Chuo kiliwapa baadhi yao kazi ndogo maktabani na mesini ili wapunguze deni. Wengine wawili watatu waliahirisha mwaka, na sijui kama wote watarudi.

Kuna mwingine ambaye hakuwa kwenye orodha hiyo ya nne. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, aliyekwisha kulipa sehemu yake, alisoma ilani ya Ijumaa akaielewa kama ilivyoandikwa, akapanda basi la usiku kwenda Kitale. Kadi za muda zilipotoka alikuwa shambani kwao, simu haina bando. Aliporudi alikuwa amekosa karatasi mbili, na alizifanya katika mitihani maalumu miezi kadhaa baadaye. Kwenye kikao cha tathmini hakuna aliyemtaja hadi mwakilishi wa darasa lake aliposimama. Hakukuwa na jiwe lililorushwa wala kioo kilichovunjika kwa ajili yake, kwa hiyo hakuingia kwenye ripoti ya hasara. Vioo viliingia, vikiwa na bei.

Kuhusu waliorusha mawe, menejimenti ilitaka wasimamishwe mara moja kwa kutumia video za TikTok. Mama alisisitiza kila mmoja apewe shtaka kwa maandishi, muda wa kujiandaa na haki ya kusikilizwa. Kesi nyingine zilianguka, maana video ilionyesha kofia bila uso. Waliopatikana na hatia walipewa onyo na kulipa gharama, pamoja na mkokoteni wa mchuuzi, jambo ambalo lilipendekezwa na wawakilishi wa madarasa wenyewe.

Safu aliyoiongeza karani sasa ni sehemu ya ripoti ya kila muhula, na nakala huja ofisi ya wanafunzi wiki sita kabla ya mitihani. Ilani haitolewi tena kabla Mama na mtu wa fedha hawajaipitia pamoja. Kanuni ya Seneti haijaguswa. Ilipelekwa kwenye kamati, kamati ikaomba maoni ya idara, idara moja haijajibu. Kwa hiyo kila muhula fedha za serikali zikichelewa, kadi za muda huidhinishwa upya kwa barua mpya na saini mpya, na kila mwaka wa kwanza unaoingia hukutana na maandishi mekundu kwa mara ya kwanza bila kujua kwamba barua hiyo ipo.